Cherehani Iliyouzwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidoti alichota maji, akafagia chumba chao cha kupanga, kisha akamwamsha mdogo wake. Saa hiyo mama yake, fundi wa nguo, alikuwa ameshainamia cherehani barazani, pini kazibana mdomoni, akijibu salamu za wapita njia kwa kichwa tu.

Baba yake alikuwa mwashi. Siku moja aliondoka akitania kwamba atarudi na tikiti kubwa kuliko kichwa cha mdogo wake. Jioni walirudi wenzake, kofia mikononi. Jukwaa la mbao alilosimama juu yake kazini lilikuwa limevunjika.

Nyumbani hapakuwa na akiba hata ya sanda. Walikopa huku na huku wakamzika, na mwenye nyumba naye hakungoja machozi yakauke, akadai kodi yake. Mama akauza cherehani. Mnunuzi alipokuwa akiifunga kamba kwenye mkokoteni, Mama alimwonyesha mahali pa kutia mafuta, kisha akaingia ndani, akafunga mlango.

Tangu hapo akawa anafua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka. Jirani yao, bibi muuza mkaa, akamwingiza kwenye kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Kila Jumapili kila mmoja aliweka alichojaliwa mbele ya wenzake, kikafungiwa sandukuni.

Kidoti hakuelewa. "Mama, unawapa watu hela zetu, na kiatu changu kinacheka darasa zima likiona!"

"Siwapi, mwanangu. Naweka."

"Unaweka nini? Hatuna kitu!"

Mama aliinamia beseni, mabega yakimtikisika. Kidoti alitamani ayameze maneno yake. Alichutama kando yake, akaanza kusuuza nguo.

Mwaka ulipokwisha, kikundi kiligawana. Fungu la Mama na mkopo mdogo juu yake vikatosha kununua cherehani kuukuu. Haikuwa ile yao; ile ilikwishapelekwa mbali. Bibi muuza mkaa aliisukuma mwenyewe kwenye toroli, akihema na kujisifu kwamba bado ana nguvu za msichana.

Mama aliipangusa vumbi, akakaa, halafu akaangua kilio.

"Haya, sasa unalia nini, mwanangu? Si hii imefika?" Bibi akamuuliza.

"Namlilia baba yao. Kila akilipwa namwambia tuweke kidogo, ananiambia tungoje tupate nyingi. Nyingi hazikuja."

Bibi akamvuta Kidoti karibu.

"Umesikia, mjukuu wangu? Akiba haimzuii mtu kufa. Lakini msiba ukikukuta umeweka, utalia msiba peke yake. Hutalia na kodi na njaa juu yake. Basi usingoje nyingi. Weka katika hicho hicho kidogo, tena weka na wenzako, mkumbushane."

"Nimesikia, Bibi."

Nje mtu alipiga hodi. Alikuwa jirani mwingine, ameshika suruali iliyochanika gotini. Mama akajifuta uso kwa mtandio, akamkaribisha.