Ulimi wa Jhumur

Kila asubuhi, kabla ya shule, Jhumur alishuka mferejini kuonja maji. Kijijini kwao, kusini mwa Bangladeshi, maji ya bahari hupanda mtoni miezi ya ukame na kuingia hadi kwenye mifereji ya mashamba. Leo maji matamu, kesho chumvi tupu inayoua mimea. Zamani muonjaji alikuwa bibi yake, mpaka tambuu aliyokuwa akitafuna ikamharibia ulimi. Kazi ikamwangukia Jhumur, mwenye miaka kumi na miwili, naye akaringa nayo hadi wenzake wakachoka.

Siku moja alimkuta rafiki yake Parul njiani, ana ukwaju mbichi na pilipili. Wakala wakipiga soga mpaka kengele ya shule ikalia. Jhumur akarudi nyumbani mbio bila kufika mferejini.

"Vipi leo?" baba akauliza.

"Matamu, baba."

Baba akafungua lango la mfereji, na shamba zima la juti, mmea wa nyuzi za magunia, likanywa.

Wiki haikuisha, miche ikaanza kunyauka, majani yameungua kingo. Baba alizunguka shambani akitikisa kichwa. Maji yalikuwa mazuri, akasema, mtoto aliyaonja mwenyewe, basi mbovu ni mbegu. Angekwenda sokoni kumwambia mzee Haradhan, aliyemuuzia mbegu, mbele ya watu kuwa ni tapeli.

Jhumur alisikia kila neno. Mzee Haradhan alimpa bisi za mchele kila alipopita dukani kwake. Aibu ilimchoma, lakini hofu ya baba ilimfunga mdomo. Alipomwona baba anavaa shati safi la kwenda sokoni, alisimama mlangoni.

"Baba, usiende. Siku ile sikuonja. Nilikula ukwaju na Parul."

Baba akavua shati polepole. Hakumpiga. Jhumur alitamani angempiga yaishe.

"Nilikuwa naenda kumvunjia mzee wa watu heshima," akasema, "kwa sababu nilikuamini wewe."

Bibi ndiye aliyepata njia. Waliruhusu maji ya bwawa lao la mvua, waliyoyatunza kwa ajili ya kunywa, yaoshe chumvi shambani. Upande wa juu miche ikapona. Upande wa chini ilikufa, wakapanda upya. Tangu siku hiyo Jhumur alichota maji ya kunywa kwenye kisima cha mbali, mtungi kiunoni, akipita mbele ya duka la mzee Haradhan ameinamisha kichwa.

"Chumvi haikuua juti peke yake, mjukuu wangu," bibi akamwambia jioni moja. "Neno moja la uongo ndilo lililoifungulia lango. Lakini la kweli umelisema kabla mtu hajaumizwa, na hilo nalihesabu."

Asubuhi iliyofuata baba alimwita kama zamani. "Kaonje."

Jhumur alionja mara tatu. Akarudi, macho chini. "Chumvi, baba."

Baba akafunga lango. Hakwenda kuonja mwenyewe.