Kabla Wino Haujakauka

Saa nne na dakika arobaini asubuhi, meneja wa hoteli alifungua ukumbi mdogo wa ghorofa ya tatu akakuta henga tupu ya nguo kwenye fimbo ya pazia. Nusu saa kabla ya hapo, henga hiyo ilikuwa imebeba jezi namba tisa ya Radi, mshambuliaji wa timu ngeni, yule yule aliyefunga mabao mawili jana yake na kuurudisha mji mzima nyumbani kimya. Jezi haikuwa imefuliwa. Ilikuwa na doa la nyasi kwenye kiwiko, na kifuani Radi alikuwa ametia sahihi ndefu na namba yake chini. Fundi alikuwa njiani na fremu ya kioo ya kuitundika mapokezi.

Saa tano kasorobo lawama zilikuwa zimeshapata pa kutua. Ufunguo wa ukumbi alikuwa nao msichana wa usafi wa ghorofa hiyo, ambaye hoteli nzima ilimwita Kasuku kwa sababu ya kusema kwake. Leo hakusema neno. Alisimama ukutani na ndoo yake, machozi yakimlengalenga.

"Basi la timu linaondoka saa saba kamili," meneja alisema. "Nataka jezi kabla ya hapo. Isipopatikana, binti huyu naandika barua yake na polisi naita. Hadithi sitaki."

Mama Pasi, mkuu wa chumba cha kufulia, alifika akihema kutoka chini. Kasuku alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake, na alilelewa nyumbani kwake tangu darasa la tatu. Kazi hii aliipata miezi miwili tu iliyopita, na bado alikuwa katika majaribio.

"Niambie yote, mwanangu. Usiruke kitu."

"Mama mkubwa, saa nne na ishirini nilishuka kwako kuchukua vitambaa vya meza. Mlango sikuufunga, niliweka ndoo tu. Nilivyorudi nikaona henga tupu, nikajua meneja ameshaichukua."

"Kweli alikuja kwangu," Mama Pasi alimgeukia meneja. "Saa yangu ya ukutani ilisema nne na ishirini na tatu. Akakaa dakika kumi akinipigia soga. Mkononi hakuwa na kitu."

"Wewe ni mama yake. Ushahidi wa mama mimi niupeleke wapi?"

Mama Pasi alitazama kola ya shati la meneja. Miaka kumi na tisa amenyoosha mashati ya mtu huyu, na leo neno lake halina uzito hata wa kifungo.

Watu walikuwa wamejazana kwenye korido, na aliyekuwa akisikika kuliko wote ni mume wake mwenyewe, dereva wa gari la mizigo la hoteli. Wote walimwita Kipa, kwa kuwa ujanani aliwahi kudaka. Yeye ndiye mwenyekiti wa tawi la mashabiki la wafanyakazi, na leo alikuwa amevaa fulana ya tawi.

"Haya ndiyo niliyokuwa nayasema!" alifoka. "Watu wazima mnakimbilia sahihi ya mtu aliyewafunga! Kumwomba sahihi aliyekupiga mbili ni kumsindikiza mwizi na kumbebea mzigo. Mtafuteni Daftari, yule mzee wa kukusanya sahihi. Mwombaji ni yeye peke yake."

Hapo hakusema uongo. Tawi lilikuwa limepitisha sheria kwamba atakayeonekana akiomba sahihi ya mchezaji wa timu pinzani, jina lake linafutwa. Jana wageni waliposhuka kwenye basi, wafanyakazi walisimama mlangoni wamekunja mikono, shingo wamezigeuza pembeni, macho yakimfuata Radi kama paka anayemfuata muuza samaki. Hakuna aliyethubutu. Wanajinyima wenyewe halafu wanakasirika, Mama Pasi aliwaza jana, na leo aliwaza hivyo hivyo.

"Na shati lako la sare?" alimwuliza mumewe.

"Oili imenimwagikia. Usijisumbue nalo."

Kabla hajamjibu, mlinzi alipanda ngazi amemshika mtu kwapani. Alikuwa Daftari mwenyewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, miaka sitini na ushei, na lile daftari lake la sahihi kwapani kwingine. Amekamatwa mlango wa nyuma wa jikoni. Mlinzi alifungua mkoba wake mbele ya watu, akatoa jezi namba tisa yenye sahihi kifuani.

Korido ililipuka. Kipa alipiga makofi.

"Nimepewa," Daftari alisema. "Nimeomba, nikapewa."

"Umepewa na nani? Saa ngapi?" meneja aliuliza.

"Na mtunza vifaa wao. Saa tatu na nusu, pale kwenye basi. Nilimwambia naomba, akaniambia chukua. Mbona mnanitazama hivyo? Tangu lini kuomba kukawa wizi?"

"Mzee mzima," Kipa alicheka, "hujionei haya?"

"Ningeona haya kama ningeiba."

Meneja alishaanza kuikunja jezi, uso umemng'aa. Mama Pasi alinyoosha mkono. "Samahani bosi. Nipe mara moja." Akaipeleka dirishani, akaipitisha vidole, akainusa bila aibu. "Hii siyo. Tazama mikunjo hii, ni ya kiwandani, haijawahi kuguswa na maji wala mwili. Yako ilichezewa dakika tisini. Doa la nyasi liko wapi? Jasho liko wapi?"

Uso wa meneja ulirudi ulikotoka. Aliitwa mtunza vifaa wa timu ngeni, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni, naye akathibitisha kila neno la Daftari. Mwalimu alirudishiwa jezi yake. Hakuna aliyemwomba radhi.

"Ile ya meneja, Radi aliisaini saa ngapi?" Mama Pasi alimwuliza mtunza vifaa.

"Saa nne na dakika tano. Mimi mwenyewe niliitundika. Nikasema isikunjwe kabla ya saa tano. Wino ule kwenye kitambaa hiki hukauka polepole. Ukiukunja mbichi, unahamia popote unapogusa."

"Popote?"

"Popote. Mimi nina suruali tatu zenye sahihi ya Radi, na sikuomba hata moja."

Watu walicheka. Mama Pasi hakucheka. Alikuwa akifikiri kikazi. Aliyeichukua alipita mapokezi, mbele ya walinzi wawili, na mikononi hakuonekana na kitu. Basi aliificha mwilini, chini ya shati. Na kama ilikuwa chini ya shati kabla ya saa tano, sahihi ya Radi sasa ilikuwa imeandikwa upande wa ndani wa sare ya mtu.

"Bosi, saa sita kila mtu hunikabidhi sare," alisema. "Leo nataka za wote waliopanda ghorofa ya tatu asubuhi. Nipe nafasi hiyo tu."

Meneja alitazama saa. "Mpaka saa sita na nusu. Dakika moja ikizidi, napiga simu."

Saa sita na dakika tano Mama Pasi alikuwa na mashati matano juu ya meza ya pasi: ya wahudumu wawili, ya mlinzi, ya wapagazi wawili. Aliyageuza moja moja nje ndani. Akapata mchuzi, akapata jasho, akapata rangi ya midomo kwenye kola ya mhudumu mmoja ambaye hajaoa. Wino hakupata. Aliketi kwenye kiti chake cha plastiki, amechoka na amekasirika, na hakujua amkasirikie nani.

Orodha ya waliopanda ghorofa ya tatu ilikuwa na majina sita. La sita lilikuwa la dereva aliyekuwa akipandisha na kushusha mabegi ya timu.

Alizunguka nyuma ya gereji. Shati jeupe lilikuwa limeanikwa kwenye waya, halijakamuliwa, maji yakidondoka. Alisimama akilitazama. Katika miaka ishirini na mitatu ya ndoa, mwanaume huyu hajawahi kufua hata leso. Soksi huzivua akaziacha pale pale zilipovuliwa, mpaka mtu mwingine azionee huruma. Leo, siku ya kazi, saa za kazi, na mke wake ni mkuu wa dobi hatua hamsini kutoka hapo, amejifulia shati.

Oili haikuwepo hata tone. Aliligeuza. Usawa wa tumbo, kwa ndani, kulikuwa na doa la bluu lililofifia, refu, na chini yake namba tisa iliyogeukia upande usio wake.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, naye ameusema msemo huo mara nyingi kwa kuwacheka wengine. Aliketi juu ya tairi.

Kilichomuuma zaidi ni ujinga wa mumewe. Wino ule hautoki kwa sabuni. Unatoka kwa spiriti, dakika mbili tu, na chupa ya spiriti iko kwenye rafu yake, upande wa kushoto. Angemwuliza mkewe angemwambia. Na Mama Pasi mwenyewe, hapo alipo, angeweza kulichukua shati, akalipitisha spiriti, akalipiga pasi, na mume wake akabaki mwenyekiti. Polisi wangemchukua Kasuku.

Alilikunja likiwa bichi hivyo hivyo, akapanda ngazi.

Saa sita na dakika ishirini na tano, ofisini kwa meneja walikuwemo meneja, mtunza vifaa, Kasuku na Kipa, aliyeitwa kwa kisingizio cha mizigo. Mama Pasi alilitandaza shati mezani, ndani nje.

"Mume wangu, oili iko wapi?"

Kipa alilitazama shati, akatazama dirisha. "Umelitoa wapi?"

"Ulipolianika. Jibu swali."

"Ilitoka nilipofua."

"Oili itoke kwa sabuni ya kipande, na wino ubaki? Miaka kumi na tisa nafua, muujiza huo sijauona." Aliweka kidole juu ya doa la bluu. "Jezi iko wapi?"

Kipa alivuta pindo la fulana yake ya tawi.

"Kwenye gari," Kipa alisema. "Chini ya kiti."

Mlinzi aliileta imefungwa kwenye gazeti. Doa la nyasi lilikuwepo. Sahihi haikuwepo tena, palikuwa na wingu la bluu tu kutoka kifuani mpaka kitovuni.

"Kwa nini?" meneja aliuliza. "Wewe uliyewatungia wenzako sheria?"

Kipa alikaa bila kukaribishwa. "Nilikuwa na miaka kumi na minane," alisema, akiongea na magoti yake. "Nadakia timu ya akiba. Ikaja timu kubwa ya nje. Nikasimama getini saa nne nzima nimeshika glavu yangu, nikimsubiri mfungaji wao aisaini. Alipofika, nikamwambia naomba. Hakunitazama. Alinikabidhi begi lake. Nikabeba mpaka kwenye basi, mlango ukafungwa, na wenzangu wote wakicheka. Nikaapa sitaomba tena kitu kwa mtu. Leo nimebeba begi la Radi kutoka chumbani mpaka chini. Nilivyopanda tena, mlango wa ukumbi uko wazi, jezi ile pale. Nilitaka kuigusa tu."

"Ukaigusa na tumbo," Mama Pasi alisema.

"Na mimi?" Ni Kasuku, mara ya kwanza tangu aulizwe na mama yake mkubwa. "Baba mkubwa, ulisimama pale koridoni. Ulisikia wanavyosema polisi."

"Nilidhani watamshika Daftari, halafu wamwachie. Kisha kila nikitaka kusema, nawaona watu wa tawi wamesimama." Alifuta uso kwa kiganja. "Ningewaambia nini?"

Mtunza vifaa alikohoa. "Kaka, samahani. Kwenye basi nina boksi. Radi husaini jezi thelathini kila safari, za kumpa yeyote atakayeomba. Miji mingine zinaisha kabla sijashusha mabegi. Hapa, ukitoa ya mwalimu, bado zipo ishirini na tisa. Nilikuwa najiuliza hawa watu wana nini."

Kipa hakuinua kichwa. Mama Pasi alitamani kumpiga na kumkumbatia, na lolote kati ya hayo hakulifanya.

"Barua ya Kasuku siandiki," meneja alisema mwishowe. "Yako naandika. Mwezi mmoja nje, bila gari. Polisi siwaiti, kwa sharti moja: umwombe huyu binti msamaha, hapa hapa, tukisikia."

Kipa alifungua mdomo. Akamgeukia mkewe, kwa macho yale yale ya miaka ishirini na mitatu, ya kutaka asemewe: kwa mwenye nyumba, kwa wakwe, kwa majirani.

"Leo hapana," Mama Pasi alisema.

Kasuku aliokota ndoo yake. "Mimi nina vyumba kumi na vinne, na wageni wanaingia saa nane," alisema, akatoka.

Chini, habari za boksi zilikuwa zimeshafika. Watu wa tawi walikuwa wamelizunguka basi, wamesahau sheria na wamesahau mabao, kila mmoja akinyoosha mkono juu ya kichwa cha mwenzake, na Daftari akiwapigia kelele wajipange mstari.

Kipa alipita nyuma yao bila kusimama, akaanza ngazi. Mama Pasi alimfuata kwa mbali, akasimama kwenye kona ya ghorofa ya tatu. Alimwona akigonga mlango wa chumba cha kwanza, kidogo, kwa kifundo cha kidole kimoja.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni mimi. Baba mkubwa." Aliusogelea mlango. "Mwanangu, nimekuja kukuomba."

Ndani shuka lilikung'utwa, mara moja, mara mbili.

"Subiri hapo," Kasuku alisema. "Natandika."

Basi lilipiga honi, likaondoka. Kipa alibaki mlangoni, mikono ameiweka nyuma, akisubiri.