Nilivyojichora Mkubwa Kuliko Mama Mkwe wa Mwanangu

Nimesalitiwa mchana kweupe, ndugu zangu... na mchoro wa mjukuu niliyembeba kwa mgongo wangu huu!

Kaeni vizuri niwape.

Mjukuu wangu anahitimu takwimu, chuo kiko mbali. Tiketi ya bibi ni moja, na mabibi tupo wawili: mimi mzaa baba, na yule mzaa mama. Yule anayenukia marashi hadi kwenye simu.

Mwanangu akasema mtoto atupime kwa kompyuta, aende anayeiweza safari. Namba za afya zetu mtoto akazitoa kwa daktari wetu.

Naingia sebuleni, namkuta anaandika ile lugha yao ya kompyuta iitwayo R, mistari mifupi mifupi kama anamfokea mtu. Mara kioo kikatoa mchoro kama utando wa buibui. Ncha tano: magoti, kiuno, macho, pumzi, miguu.

Ndani yake maumbo mawili. La bluu limetanda hadi ukingoni. Jekundu limejikunyata katikati kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto.

“Jekundu ni nani?”

“Ni wewe, bibi.”

Wivu ukanipanda hadi masikioni. Mwanamke anayepumzika kila ngazi, leo ananizidi magoti?

Mjukuu akatoka kuanika nguo. Mimi darasa la saba nilimaliza, namba nazijua. Juu kabisa kaandika mstari wa kumi tupu, chini yake wa sifuri, mwisho na mwanzo wa kipimo. Halafu mstari wangu: mbili, moja, tatu... aibu.

Nikajipa kumi kote, nikabonya vile vitufe anavyobonya yeye.

Wekundu ukameza utando mzima. Nikajisikia malkia.

Jioni familia imekusanyika, mchoro uko kwenye televisheni. Mwanangu akashika kichwa.

“Mama, una maumivu kiasi hiki na hutuambii?”

Maumivu...

Kumbe utando ukijaa ndivyo mtu alivyochakaa. Safari ilikuwa yangu tayari, wasomaji wangu!

Mjukuu akaninong’oneza. “Bibi, kumi za mstari wako sikuandika mimi. Niseme?”

Nikamtazama yule mwenzangu. Kanishika mkono, ananipa pole kwa sauti ya asali. Nikiri mbele yake kwamba nilimwonea wivu magoti?

“Yananiuma sana,” nikasema, nikaanza kuchechemea hapohapo.

Leo mwenzangu katuma picha za mahafali, kavaa miwani ya jua. Mimi nachuliwa magoti mazima kila asubuhi.

Nanyi mnaochungulia picha za wenzenu humu mkaumia roho, ulizeni kwanza kinachopimwa ni nini.

Na mwenye kujua namna ya kupona polepole bila kushtukiwa, aniandikie.