Mzigo Ndani ya Wimbo

Habari ya Luhende inasimuliwa sana huku kwetu Ng'ambo, na wengi wanaisimulia ovyo. Wengine wanasema alichezea uchawi. Uongo mtupu! Luhende alichezea kompresa, basi. Mimi nilikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta, na nakueleza kama mkewe alivyonieleza.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine zote. Luhende alikunywa chai, akala muhogo wa kuchemsha, akaingia studio. Nikisema studio usifikirie jumba. Ni chumba cha uani kwenye nyumba ya Bibi Tunu, kuta zimebandikwa trei za mayai na mablanketi, mlango ukifungwa hata adhana huisikii. Chumba cha pili ndicho alicholala na mkewe, Recheli, mwimbaji kiongozi wa kwaya ya Moravian. Kwaya ilikuwa imetoka kurekodi wimbo mpya mlemle studio, wimbo wa mtu aliyechoka na mzigo wake. Mwalimu wa kwaya, Festo, alikuwa anausubiri kwa hamu, maana redio moja ya mjini ilishaahidi kuupiga Jumapili asubuhi.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Sauti zote, kinanda, gitaa, ngoma na waimbaji, zina mlango mmoja wa mwisho kabla hazijatoka. Mafundi wanauita masta, na hapo ndipo wanapoweka kompresa. Kompresa inabana: sauti kubwa inaisukuma chini, kisha inazinyanyua zote pamoja, mpaka pumzi ya mwimbaji unaisikia. Ni chumvi ile. Ukitia kiasi mboga inakolea, ukizidisha umeharibu. Luhende hakuwa mtu wa kuzidisha. Aliweka ubanaji mdogo, mbili kwa moja, ianze kubana taratibu, iachie upesi, sindano ya kipimo icheze kidogo tu.

Kabla ya ubeti wa mwisho wimbo una kimya. Kwaya inanyamaza, vyombo vinanyamaza, watu wanavuta pumzi. Pale ndipo sindano ilipocheza.

Luhende akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Kwaya ikanyamaza. Sindano ikashuka, ikapanda. Ikashuka, ikapanda. Kitu kizito kilikuwa kinapita kwenye masta, na spika hazitoi chochote.

"Lori hilo lilipita nje," akajiambia. Akakata sauti zote za chini, zile za mngurumo. Sindano haikujali. Ilikuwa na mwendo wa mtu anayetembea.

Sasa fundi mwenye akili angefunga kompyuta akaenda kupunga upepo. Luhende akataka kujua. Akabana kumi kwa moja. Akashusha mahali pa kuanzia kubana mpaka chini kabisa. Halafu akanyanyua sauti yote, kile kimya kikafura, kikajaa chumba.

Akasikia miguu. Mingi. Pekupeku. Mtu akakohoa. Kisha mwanamume, sauti imechoka, kwa Kinyamwezi cha wazee wa zamani, akauliza:

"Nani apokee?"

Na karibu kabisa na maiki, sauti ya Recheli ikajibu:

"Lete, napokea mimi."

Mlango alikuwa ameuacha wazi; uani ndoo ikaanguka. Luhende akatoka mbio. Recheli alikuwa amepiga magoti kando ya nguo alizokuwa anafua, bega la kulia limeinama karibu kugusa chini, mishipa ya shingo imemtoka.

"Nitue," akanong'ona. "Luhende, nitue."

Begani kwake hapakuwa na kitu.

Alipolazwa kitandani ndipo alipoeleza. Tangu siku ya kurekodi shingo ilikuwa inamuuma, akadhani amelala vibaya. Na siku ile, kwenye kile kimya, alisikia mtu anauliza ndani ya hedifoni. Akajua ni Festo ameongeza kionjo chake.

"Mtu anakuuliza nani apokee, utamwacha na mzigo wake?" akasema Recheli. "Nikajibu tu."

Na kweli, nani angenyamaza? Kwetu mgeni hajafika hata kwenye kizingiti umeshamkimbilia, umeshamnyang'anya begi, salamu baadaye. Mtoto asiyepokea mzigo wa mgeni anaambiwa hakulelewa.

Hospitali wakampiga picha, mifupa mizima. Wakampa dawa ya kuchua. Wanakwaya wakaja wakamwombea. Kila alfajiri Recheli aliamka ameinama zaidi, na begani ngozi ikawa ngumu, imeota sugu pana kama kiganja. Nyayo zake zikapasuka, na mtu mwenyewe hatoki kitandani. Akawa anahema usingizini, mhemo wa mtu anayepanda mlima.

Bibi Tunu akaingia kumtazama. Mama wa watu, mwenye nyumba asiye na makuu, Recheli alimpenda kama mzazi. Akafunua lile bega, akalitazama, akalifunika.

"Ulijibu nini, mwanangu?"

Recheli akamwambia.

Bibi Tunu akamvuta Luhende uani. "Nyumba hii imekaa juu ya njia," akasema kwa sauti ya chini. "Misafara ya pembe ilipita hapa kwenda pwani. Babu yangu alikuwa mpagazi. Alisema mwenzao akianguka, mzigo wake hauachwi. Watauliza, nani apokee? Atakayeitikia ndiye abebe, mpaka naye apate wa kumpokea."

"Na asipompata?"

"Anakwenda nao." Akamshika mkono. "Luhende, najua unawaza nini. Usimtafutie mtu. Mzigo wa namna hiyo anayeutoa kwa hila haupungui, unazunguka na kumrudia."

Luhende akarudi studio. Akajifungia. Njia aliiona moja, ya heshima: akae mbele ya maiki, aupige wimbo, aitikie yeye. Akaweka maiki. Akaupiga. Kimya kikafika, miguu ikaja, yule mwanamume akauliza. Luhende akafungua mdomo.

Akaufunga.

Alilia, sikufichi. Alimpenda mkewe, na aliogopa. Yote mawili ni kweli. Na mwoga akishapata ufundi, ole wenu majirani! Luhende aliijua njia nyingine. Redio zina kompresa zao, zinabana kila kitu bila huruma ili sauti isikike mpaka kwa bodaboda barabarani. Kitu kilicholala chini ya wimbo, redio itakiamsha.

Basi akakata jibu la Recheli, akaacha swali. Kwenye masta akarudisha mbili kwa moja, ibane taratibu, iguse kidogo tu. Hiyo ndiyo mipangilio mizuri ya kwaya, fundi yeyote angemsifu. Festo akaja akasikiliza wimbo wote, akatikisa kichwa kwa raha.

"Kimya kizuri hicho, kaka," akasema. "Umekiacha kinapumua."

Luhende akautuma redioni. Atapokea mtu nisiyemjua, akajiambia. Mtu wa mbali. Labda mtu mwenye mabega mapana.

Jumapili jua lilikuwa kali. Luhende alikaa kitandani, amemshika Recheli mkono, redio ndogo iko dirishani. Wimbo ukapigwa. Kwaya ikaimba, ikanyamaza.

Sauti ikatoka. Wazi. Kama mtu amesimama mlangoni.

"Nani apokee?"

Luhende akamziba Recheli mdomo kwa kiganja. Kwaya ikaingia ubeti wa mwisho. Na chini ya kiganja chake akasikia Recheli anavuta pumzi ndefu, ndefu, kisha anainuka. Akakaa. Akageuza shingo huku, akageuza kule. Akaanza kucheka na kulia.

"Nimetuliwa! Luhende, nimetuliwa!" Halafu akamgeukia mumewe. "Nani kapokea?"

"Sijui."

Upande wa pili wa ukuta chombo kikaanguka. Mlango wa Bibi Tunu ukafunguka polepole. Akatoka kwa kushika ukuta, bega la kulia chini.

"Nilikuwa nakoroga uji," akasema. "Nimewasha redio nimsikie mwanangu Recheli. Mtu kaniuliza..." Akahema. "Hata sikuwahi kufikiri. Nikasema lete."

"Shikamoo, Bibi," Luhende akasema kama mjinga.

"Marahaba," akajibu Bibi Tunu. Alimtazama, akajua, akageukia mlango wake. Afadhali angemtukana.

Hakuchukua muda, akafariki. Mwili wa kizee ule ungebeba nini? Swaumu, jirani yetu, aliyekuwa mmoja wa waliomwosha maiti, alitoka ndani akakaa peke yake mkekani. Baadaye akaninong'oneza: nyayo zimepasuka, na vumbi jekundu mpaka magotini. Waliosha, likatoka, wakageuka kuchukua maji, wakalikuta tena. Na marehemu hakuwa ameshuka kitandani tangu Jumapili ile.

Tukamsindikiza. Luhende si Mwislamu, lakini msiba ni wa jirani, alitembea nyuma kabisa. Jeneza linabebwa kwa kupokezana, kila mwanamume anagombea thawabu, unaweka bega hatua chache unampisha mwenzio. Siku ile watu walikuwa wanachoka mapema. Njiani Shaban, mtoto wa marehemu, alilegea magoti. Akageuza uso, jasho linamtiririka.

"Nani apokee?" akasema, kama mbebaji yeyote angesema.

Tukasita. Wallahi hata mimi nilisita, sijui kwa nini. Luhende akapita katikati yetu akienda mbele. Safari hii mdomo haukufungwa.

"Lete," akasema. "Napokea mimi."

Makaburini jeneza likatuliwa. Wanaume wakanyoosha migongo, wakajipangusa mabega. Luhende hakunyooka. Kaburi likafukiwa, dua ikasomwa, watu wakatawanyika, na yeye bado ameinama upande wa kulia, anahema.

Tulirudi pamoja, taratibu sana. Recheli alikuwa anamngoja kizingitini. Alipomwona mumewe anavyokuja alitupa khanga, akamkimbilia, mikono yote miwili mbele.

"Pole, mume wangu, le—"

Luhende akamziba mdomo. Akamkandamiza kiganja kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka Recheli, huku mwenyewe anatikisa kichwa kumkataza, anatikisa tena.

Mimi nilitazama nyuma, njia tuliyoijia. Mchangani nyayo zangu zilikuwapo, na za viatu vya Luhende, kiatu cha kulia kimezama. Nyuma yetu, juu ya zetu, zilikuwapo za miguu pekupeku. Nyingi. Zote zilikuja mpaka pale kizingitini, na hakukuwa na unyayo hata mmoja uliorudi.