Nusu ya Mshale

Kila siku ya shule, ikifika saa kumi jioni, Bingwa alipita kwa shangazi yake, fundi cherehani, akavua viatu mlangoni na kupiga magoti kuokota pini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kabla ya chai. Aliburuta sumaku iliyofungwa kamba chini ya meza ya kukatia, chini ya cherehani, mpaka kwenye kona ya vipande vya vitambaa. Pini zilizonasa alizichomeka kwenye kimto na kuzihesabu kwa sauti. Zilitakiwa kuwa arobaini. Zikiwa thelathini na tisa, alirudi sakafuni.

"Pini moja tu, shangazi! Dukani si zinauzwa pakiti nzima?"

"Sikukuuliza zinauzwa wapi. Nimekuuliza hiyo moja iko wapi."

Bingwa alisonya, lakini moyoni, maana shangazi alikuwa na masikio makali. Na hilo jina la Bingwa usidhani alipewa na watu. Alijipa mwenyewe, akalirudiarudia mpaka wenzake wakachoka kubisha. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na alidharau karibu kila kitu. Alidharau pini. Alidharau wateja waliovuta matumbo ndani wakati wa kupimwa kiuno. Zaidi ya wote alimdharau shangazi, ambaye kila msimu wa kuwinda alifunika cherehani yake, akachukua upinde, akapanda msituni, na mara nyingi akarudi mikono mitupu.

Msitu ulikuwa juu ya mji, nyuma ya mashamba. Kulungu walikuwa wameongezeka mno na walikuwa wakimaliza mazao, kwa hiyo ofisi ya misitu ilitoa vibali, karatasi moja kwa mnyama mmoja. Shangazi alifundishwa kuwinda na baba yake. Kwa misimu miwili Bingwa alimbebea begi, na kwa macho yake mwenyewe alimwona akiwaacha kulungu kumi na mmoja wajiendee zao.

"Huyu yuko mbali," shangazi alinong'ona. Au, "Huyu amenipa mgongo." Kisha alishusha upinde, akatoa chupa ya maji na kunywa bila wasiwasi wowote.

"Mshona magauni," Bingwa alijisemea. "Huyu ndiye wa kunifundisha mimi?"

Msimu huu alikuwa amepata kibali cha vijana. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba asipige bila mtu mzima kando yake. Nyuma ya nyumba alikuwa akipiga mishale kwenye gunia lililoshindiliwa vitambaa, na kweli, alikuwa na shabaha. Tatizo ni kwamba gunia halitembei, halina damu na halimtii mtu aibu. Siku ya Ijumaa alisimama mbele ya darasa na kujipiga kifua.

"Jumatatu naleta pembe. Mtazishika kwa zamu."

"Utaleta pembe au utaleta hadithi?" aliuliza Kidoti, mwenzake wa dawati moja, msichana mpole aliyeitwa hivyo kwa sababu ya doa dogo shavuni.

"Wewe andaa macho tu," Bingwa alimjibu, akabenua midomo.

Jumamosi asubuhi walipanda. Mlangoni mwa msitu, shangazi alihesabu mishale ya Bingwa mbele ya askari wa msitu. Sita. Walipofika kwenye kibanda chao cha matawi, kando ya njia ya wanyama, alirudia masharti yake kwa mara ya mia.

"Hatua kumi na tano, si zaidi. Awe amesimama. Awe amekupa ubavu. Likikosekana moja, unamwacha. Mimi nateremka kijitoni kujaza maji. Usiachie mshale mpaka nirudi. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana."

Shangazi hakuwa ameondoka hata dakika tano, kulungu akatokea. Alikuwa mbali, hatua thelathini hivi, tena anatembea, amegeuza makalio. Kati ya masharti yote, hakutimiza hata moja. Bingwa aliona pembe mezani kwa mwalimu. Aliona mdomo wa Kidoti ukibaki wazi. Pembe zenyewe hakutazama kama zipo. Akavuta, akaachia.

Kulungu aliruka juu, akajikunja, akatokomea vichakani. Bingwa alikimbia mpaka pale. Majani yalikuwa na damu, na mbele kidogo, mti mwembamba ulipokuwa umeuvunja mshale, aliikuta nusu ya nyuma yenye manyoya. Ilikuwa na damu nyeusi iliyochanganyika na uchafu wa kijani, na ilinuka. Alijua maana yake, kwa kuwa shangazi alikuwa amemwambia mara nyingi. Amempiga tumbo. Mnyama wa namna hiyo hafi upesi. Anateseka saa nyingi, na aliyempiga hana ruhusa ya kwenda nyumbani mpaka amfikie.

Sasa tazama alichofanya bingwa wetu. Alifunika damu kwa majani makavu. Ile nusu ya mshale aliichomeka ndani ya buti, kando ya muundi, akashusha suruali juu yake. Kisha akarudi kibandani akakaa.

"Nimesikia vurugu," shangazi alisema aliporudi na chupa.

"Nilipiga. Samahani. Nilikosa, akakimbia."

Shangazi aliweka chupa chini, akahesabu mishale. "Mitano. Wa sita ulielekea wapi?"

Bingwa alinyoosha mkono kulia. Kulungu alikuwa amekimbilia kushoto.

"Twende tukautafute."

"Shangazi, mshale mmoja tu jamani!"

"Huo mshale una kichwa cha chuma kikali kama wembe. Wachuma uyoga wanapita hapa na watoto wao. Utafute."

Basi wakapiga magoti. Shangazi, mtu mzima mwenye magoti yanayolia kila akiinuka, alitambaa kwenye nyasi, akipapasa kila shada kwa viganja. Alifika mwisho wa uwazi, akageuka, akaanza mstari mwingine. Saa nzima ikapita, ikaingia ya pili. Bingwa alitambaa nyuma yake akijifanya anatafuta, na mwanzoni alimcheka kimoyomoyo. Mwone anavyohangaika! Lakini kila alipokunja goti, mshale uliovunjika ulimchoma muundi, mpaka akaanza kuchechemea.

"Umeumia?" shangazi aliuliza.

"Kidogo."

"Pole, mwanangu. Kaa hapo kwenye gogo upumzike. Nitautafuta mwenyewe."

Akageuka, akaendelea kutambaa peke yake, mgongo umelowa jasho, akitafuta kitu ambacho hakikuwapo, kwa sababu aliambiwa kipo na mtoto aliyemwamini. Bingwa alikaa kwenye gogo akimtazama. Dharau zote alizokuwa akizigawa bure kwa watu, siku ile zilimrudia mwenyewe. Alijiona takataka. Na mahali fulani upande wa kushoto, kulungu alikuwa bado anateseka.

Alivua buti.

"Shangazi. Huu hapa."

Shangazi alikuja polepole. Aliuchukua mshale ule, akaunusa. Hakupiga kelele. Alimtazama Bingwa kama anavyotazama kitambaa cha mteja kilichokatwa vibaya, na Bingwa angefurahi zaidi kama angepigwa kofi.

"Tumbo," shangazi alisema. "Ulipiga saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Sasa ni saa tano. Saa mbili nimesugua magoti yangu hapa, na wewe umeukalia. Alielekea wapi kweli?"

"Kushoto."

"Machozi yako utayafuta baadaye. Tangulia."

Bingwa aliondoa kwa mkono wake mwenyewe majani aliyofunikia damu. Kuanzia hapo walifuata. Tone hapa, jani lililopinda pale, kisha hatua ishirini bila alama yoyote. Shangazi alikuwa na vipande vyekundu vya kitambaa mfukoni, akavifunga kwenye matawi kila walipoona damu, ili wakipoteza njia warudi kwenye alama ya mwisho. Mara nne walipoteza njia na mara nne walirudi. Miiba ilimchana Bingwa mikono. Njaa ilimuuma. Hakuthubutu kuuliza watakwenda mpaka wapi.

Ilipata saa nane walipomwona. Alikuwa amelala chini ya kichaka karibu na kijito, kichwa bado kimeinuka, mbavu zikipanda na kushuka. Alikuwa jike. Hakuwa na pembe hata kidogo.

"Mmalizie wewe, shangazi," Bingwa alinong'ona. "Mimi nitamkosea tena."

"Nitakuwa kando yako, na ukishindwa nitapiga mimi, kwa ajili yake si kwa ajili yako. Lakini uliyeanza ni wewe. Sogea. Subiri akupe ubavu."

Walisogea kwa tumbo mpaka zikabaki hatua kumi. Kulungu aliwasikia, akajiinua kwa shida, akasimama upande. Bingwa alivuta pumzi, akasubiri, akasubiri tena mpaka upinde ulipotulia. Akaachia. Safari hii mshale uliingia nyuma ya bega, mahali pake hasa. Kulungu alikwenda hatua tatu, akaanguka, akatulia.

Hivyo ndivyo Bingwa alivyopata kulungu wake wa kwanza. Hakurukaruka. Alikaa chini akalia kwa sauti, na shangazi alimwacha alie huku akinoa kisu.

Wakati wa kupasua, shangazi alikata sehemu kubwa ya nyama na kuifukia kwenye shimo alilochimba.

"Uchafu wa tumbo umekaa humu tangu asubuhi," alisema. "Tukila hii tutaugua wote. Shika sabuni, nawa mpaka kwenye viwiko."

Mlangoni mwa msitu, askari alifungua daftari lake huku akitabasamu. "Hongera, binti! Wa kwanza huyu?"

"Wa kwanza."

"Na shangazi alikuwa kando yako? Mshale mmoja?"

Shangazi alikuwa ameinama anafungua kamba za mzigo. Hakuinua kichwa. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mfupi na mtamu, na askari alishaanza kuuandika.

"Miwili," Bingwa alisema. "Wa kwanza shangazi hakuwapo. Alinikataza. Nikapiga tumbo, nikaficha mshale."

Askari aliweka kalamu chini. "Kwenye meza hii nimedanganywa na wanaume wenye ndevu mpaka kifuani," alisema, "na wote nawafahamu, na wote nawaona bure. Wewe umeninyima raha ya kukukamata." Akachukua kibali cha vijana, akakichana vipande viwili. "Msimu ujao utabeba begi. Msimu wa baada ya huo, njoo tuzungumze."

"Sawa, afande."

Jumatatu, Kidoti alikuwa akimsubiri. Nusu ya darasa ilikuwa ikimsubiri, maana hakuna anayetaka kukosa siku ya kuumbuka kwa mwenye majigambo. "Haya, pembe ziko wapi?"

"Hakuna. Alikuwa jike. Na nilimpiga vibaya, nikamdanganya shangazi, na kibali wamenichania."

Darasa lilicheka, tena lilicheka sana, na lilikuwa na haki. Kidoti peke yake hakucheka. Alisogea kidogo kwenye benchi ili Bingwa apate nafasi ya kukaa.

Saa kumi jioni Bingwa alivua viatu mlangoni kwa shangazi, akachukua sumaku kabla hajaambiwa. Shangazi alisimamisha cherehani. Tangu Jumamosi hakuwa amesema naye zaidi ya salamu.

"Nisikilize, mwanangu," alisema. "Kukosa shabaha ni kosa la mikono, na mikono inafundishika. Hata mimi nimewahi kukosa. Lakini ulipoifunika ile damu, uliona aibu yako ni kubwa kuliko maumivu ya yule mnyama, na kuliko magoti yangu. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu mwaminifu akikosea, husema pale pale, kisha hulifuata kosa lake mpaka mwisho, hata kama ni kwa kutambaa. Umechelewa, lakini ulisema, na ulifuata. Nimekusamehe. Usinirudishe pale tena."

"Sitarudia, shangazi."

"Haya. Pini."

Bingwa alipiga magoti, akaburuta sumaku chini ya meza, chini ya cherehani, mpaka kwenye kona. Alizichomeka pini kwenye kimto na kuzihesabu. Thelathini na tisa. Hapo hapo mteja aliingia kwa kishindo, mama mmoja mwenye mkoba mkubwa, ambaye gauni la bintiye lilikuwa limening'inia ukutani tayari.

"Fundi, nipe gauni niondoke, nina haraka kweli kweli!"

"Bado, mama," ilisema sauti kutoka chini ya meza. "Pini moja haijaonekana. Tafadhali kaa kidogo."

Mteja alimgeukia shangazi akitegemea kutetewa. Shangazi alikuwa ameinamia kazi yake.

"Umemsikia," alisema.

Bingwa aliitafuta sakafu nzima, kisha akalishusha gauni, akalipapasa kwa viganja, shingo, mikono, kiuno, mstari kwa mstari. Aliipata ndani ya pindo, mahali ambapo goti la mtoto lingeigusa mara tu akikaa. Mama yule aliiona, akaweka mkoba wake chini.

Bingwa aliichomeka kwenye kimto.

"Arobaini," alisema.