Mkia Uliofichwa na Fremu

Kila alipotoka shule, Kiherehere alipitia karakana ya baba yake, fundi fremu, akamsaidia kufuta vioo. Jina hilo walimpa wenzake darasani, kwa kuwa hujibu kabla swali halijaisha.

Alhamisi moja alikuta mezani picha kongwe inayotundikwa ukumbini mwa shule, imeletwa kutiwa fremu mpya; ilikuwa imepigwa chapa kwa ubao wa kuchongwa. Mfalme ameketi, mnyama amelala miguuni pake, na watu watatu wamepiga magoti, panga zao ziko sakafuni. Kiherehere ndiye aliyechaguliwa kuwaeleza wazazi picha hiyo Jumamosi. Maelezo yake alikwisha kuyakabidhi kwa mwalimu mkuu: mnyama ni mbwa, mbwa ni alama ya uaminifu, kwa hiyo hao ni marafiki walioweka panga chini kwa adabu.

Baba aliitoa picha kwenye fremu kuukuu. Ukingo uliokuwa umefunikwa na mbao ukajitokeza, na juu yake mkia mrefu wenye kishungi nchani.

"Baba! Mbwa gani huyu?"

"Simba huyo, mwanangu. Labda mchongaji hakuwahi kumwona simba, uso akaukisia."

Kiherehere aliduwaa. Anayelaza simba miguuni pake anaonyesha nguvu zake. Basi wale watatu walikuwa wameshindwa vita, wanaomba wasiuawe.

"Fremu mpya si itaufunika tena mkia?" alinong'ona. "Hakuna atakayejua."

"Wewe unajua. Au wewe si mtu?"

Kiherehere alikuna kichwa, kisha akamsogezea baba rula. "Basi pima pana kidogo. Uonekane wote."

Asubuhi alibisha hodi kwa mwalimu mkuu. "Shikamoo, mwalimu. Nilikosea. Ukimchagua mwingine, nitaelewa."

Mwalimu mkuu aliitikia salamu, akasikiliza maelezo mpaka mwisho. "Kwa hiyo marafiki wamegeuka mateka?"

"Ndiyo, mwalimu. Ushahidi ni mkia."

"Vema. Kaandike upya. Utasimama wewe wewe."

Jumamosi ukumbi ulijaa. "Mbona kama mbwa wa jirani yetu?" mzazi mmoja alitania.

"Hata mimi nilidanganyika, mzee," Kiherehere alijibu. "Tazama mkia." Watu wakacheka, kisha wakasogea kutazama. Nyuma kabisa, fundi fremu alikunja mikono, kidevu juu.

Mwalimu mkuu akasimama. "Huyu angeweza kulificha kosa lake chini ya ubao wenye upana wa kidole, na sote tungempigia makofi. Wanafunzi, ukweli ukimkuta msomi amekosea, huhama yeye, hauhamishi ukweli."