Faili Lililoitwa Candia

Faili likishahifadhiwa halikui. Linakaa vile lilivyo, kama picha ukutani. Santina alijua hivyo. Lakini Jumatatu asubuhi, ofisini Arua, mtoto mgongoni, aliingia kwa kompyuta yake kwenye kifaa cha mtandao kilichoko Koboko, akaandika dir aone orodha ya mafaili, na faili alilohifadhi Ijumaa lilikuwa limenenepa.

Kosa lilikuwa lake. Ijumaa ile alipokuwa ananakili mipangilio, kifaa kiliuliza kama siku zote: jina la faili? Mtoto analia, yeye amechoka hata tarehe haikumbuki, akaandika jina lililokuwa mdomoni. Candia. Jina la binti yake, taabu kwa Kilugbara, maana alizaliwa wakati wa taabu.

Jumanne faili likaongezeka. Jumatano kliniki wakampima mtoto: nusu kilo imepotea, na ananyonya vizuri tu.

Alhamisi saa sita mchana akapiga simu Dieumerci, mlinzi wa chumba cha mitambo Koboko.

"Mama Candia, hapa iko mutoto."

"Mtoto wa nani?"

"Sijui. Iko ndani ya kabati ya mashine. Inanyonya, mimi nasikia. Na inanuka maziwa, ile ya kulala." Akashusha sauti. "Nilifikiri ulimusahau huku. Lakini wewe haukukuja."

Santina akapapasa mgongoni. Mtoto alikuwepo, mwepesi kama kitenge chenyewe, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikaanza kutoka hapo hapo kwenye kompyuta, ikampanda puani, naye akaandika amri ya kufuta, na kifaa kikauliza, futa Candia, una hakika, na mtoto mgongoni akaacha kupumua, akasubiri, kama mtu anayesikia anaitwa.

Mtu akamshika kifundo cha mkono. Ni Medina, mama wa chai pale ofisini, anasoma jina kwenye skrini.

"Acha. Ukifuta, utafuta yupi?"

Santina akaondoa kidole. Mtoto akavuta pumzi. Santina akamweleza Medina yote kwa mnong'ono, bila kituo.

"Kitu iliuliza jina, wewe ukaipatia," Medina akasema. "Jini ni hivyo. Haiibi, inaomba. Sasa badilisha. Andika jina ingine."

"Nitaandika takataka yoyote."

"Ulimuonjesha jina ya mutu iko hai. Takataka atatema."

"Basi la nani, mama?"

"Usiniangalie mimi. Yangu bado naitumia."

Akajaribu takataka hata hivyo. Herufi tu, kisha tarakimu. Kila mara akiandika dir, jina lilikuwa limerudi: Candia. Angemwandika Dieumerci, hayupo hapa, asingejua. Alifika hadi herufi ya tatu. Akakumbuka alivyoshusha sauti kwa ajili ya mtoto asiye wake. Akazifuta. Akaandika Santina.

Kifaa hakikuuliza kitu. Harufu ikaisha, na kitambaa kikamvuta mabega ghafla, mtoto mzito, mtoto wa kweli, anapiga teke anataka ziwa.

Wiki iliyofuata mizani ilipanda, na iliyofuata tena. Wakamwambia Santina amekonda; akasema ni uchovu, na nani angebisha, mama gani wa mtoto mchanga hajachoka? Hata yeye karibu aamini. Ila kila asubuhi aliandika dir, akatazama mstari mmoja tu, ule wa Santina, na tarakimu ilikuwa kubwa kuliko ya jana.

Halafu Dieumerci akapiga tena.

"Mutoto imeenda," akasema. "Saa hii iko mama. Anaimba ile ya kubembeleza, pole pole. Sauti yake iko kama yako."

Santina akakata simu. Candia alikuwa analia, anataka kulala. Akamshusha mgongoni, akampakata, akafungua mdomo amwimbie.

Hakikutoka kitu.